Shaba imeng'arishwa lakini haikai: dalili, sababu na matengenezo

Malalamiko mengi kuhusu shaba huanza baada ya kusafishwa, si kabla. Dele la kahawa lilikuwa jeusi, likasuguliwa kwa ndimu na chumvi mkesha wa Idi, likawaka. Funga ya sita haijaisha, limeshaota kijani mdomoni na tumbo limegeuka wekundu. Mwenyewe hulaumu dawa, akanunua nyingine kali zaidi, mambo yakazidi kuharibika. Kwa kawaida kosa haliko kwenye dawa. Liko kwenye kilichobaki juu ya shaba baada ya dawa: chumvi ndani ya nakshi, asidi kwenye mshono, unga mweupe kwenye kona, maji yaliyoachwa yajikaukie. Na hewa ya visiwani Zanzibar haina msamaha kwa masalio hayo. Upepo wa bahari unaingiza chumvi mpaka kabatini. Nyumba ya Shangani au Malindi, mitaa ya mjini iliyo ufukweni, inapata zaidi kuliko ya Kizimbani, mbali na bahari, lakini hakuna iliyosalimika.

Maelezo haya yanahusu shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki: madele ya kahawa, masinia, mirashi, matasa, patu za harusini, njumu (misumari ya mapambo) na makomeo ya milango, pamoja na vifaa vya mashua.

Kwanza hakikisha ni shaba

Weka sumaku. Ikinasa, una chuma kilichopakwa shaba juu, na tabaka hilo ni jembamba mno. Kisugue kwa sabuni na kitambaa tu, kwani msasa au asidi vitakufikisha kwenye chuma siku hiyohiyo. Njumu za mlango zinaweza kukudanganya hapa, maana kichwa huwa shaba na msumari wake chuma. Pima ukingo wa kichwa, usipime katikati.

Sumaku isiponasa, geuza chombo, tafuta mahali pasipoonekana, ukwangue kidogo kwa ncha ya kisu. Ndani pakiwa manjano, ni shaba ya manjano. Pakiwa pekundu, ni shaba nyekundu. Pakiwa peupe au kijivu, ni zinki ya kumimina iliyopakwa rangi, nayo usiitie kwenye asidi kabisa.

Jambo la tatu ni vanishi. Vitu vingi vipya vya madukani vimepakwa vanishi ngumu isiyo na rangi. Chovya pamba kwenye asitoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, uishike juu ya shaba kwa nusu dakika. Pamba ikinata au uso ukawa mlaini, vanishi ipo. Hakuna asidi itakayofanya kazi sawasawa mpaka itoke.

Usafi wa kawaida, ambao dalili nyingi zinaurejelea

Osha kwanza kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kwa mswaki laini. Utajua mafuta yametoka pale maji yanapotanda juu ya shaba bila kujikusanya matone. Ukiruka hatua hii, asidi itakula pasipo na mafuta na kuacha penye mafuta, halafu chombo kitoke na mabaka kama ramani.

Kisha asidi. Ndimu inafanya kazi, hilo halina ubishi: maji yake yana asidi ya sitriki karibu gramu 45 katika lita. Lakini yana nyama na sukari pia, na vipimo vyake hubadilika. Asidi ya sitriki ya unga ni rahisi kuitawala. Tia vijiko viwili vya chakula, karibu gramu 25 hadi 30, katika lita moja ya maji ya vuguvugu. Tumia ndoo ya plastiki au bakuli la kioo. Sufuria ya alumini haifai, kwa sababu asidi inaila, na shaba iliyoyeyuka inajibandika juu yake na kuitoboa vidotovidoto. Zamisha chombo chote, ukitoe baada ya dakika tano ukakiangalie, ukisugue kwa mswaki, ukirudishe kama bado. Dakika kumi zinatosha kwa weusi wa kawaida. Weusi uliogoma baada ya dakika ishirini hauhitaji asidi zaidi, unahitaji kusuguliwa.

Baada ya asidi, suuza, halafu loweka dakika tano kwenye maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha bekingi soda kwa lita, ili asidi iliyojificha kwenye mishono ife. Suuza tena mara mbili. Suuzo la mwisho liwe la maji laini: ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya mwanzo, au maji safi ya kuongezea kwenye betri. Uliza dukani vizuri, maana kwenye rafu hilohilo kuna asidi ya betri, na chupa hufanana. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi nayo yanafaa ukiyachuja. Kisima cha mjini kilicho karibu na pwani hakifai, kwa kuwa maji yake mengi yana chumvi, nawe utakuwa unairudisha chumvi uliyoitoa.

Futa papo hapo kwa kitambaa cha fulana ya pamba. Kisha kipashe chombo joto, juani au karibu na jiko la mkaa, mpaka kiwe cha moto kiasi cha kushikika kwa shida. Maji ya ndani ya pindo na chini ya mkono wa dele hayatoki kwa kitambaa. Vitu vidogo kama vifungo, bawaba na njumu zilizong'olewa vizike ndani ya unga wa mbao mkavu uliopashwa moto, uvitikise. Vinakauka bila doa.

"Nimelisugua juzi, leo limeshakuwa jeusi"

Shaba tupu kuwa nyeusi si ugonjwa. Ni oksidi na salfidi, tabaka jembamba linalojitengeneza popote penye hewa na jasho la mikono. Cha kuuliza ni kasi yake.

Ikiwa uso wote umefifia sawasawa baada ya wiki chache, hiyo ni hali ya kawaida ya shaba isiyopakwa kitu. Paka nta. Ikiwa weusi umekuja kwa alama za vidole, ulishika kwa mikono mitupu baada ya kung'arisha, na dawa yake ni glovu au kitambaa. Ikiwa umekuja ndani ya siku mbili tatu, kwa mabaka, basi asidi haikuuliwa au dawa ya kopo ya kung'arishia haikufutwa yote. Rudia sabuni, bekingi soda na suuzo la maji laini. Asidi huihitaji tena.

Angalia pia ulikoliweka. Mpira na sufu huleta salfa, kwa hiyo sinia lililofungwa kwa raba au kuviringishwa ndani ya blanketi la sufu litatoka na mistari myeusi ya umbo la kile kile kilichoiviringisha. Magazeti nayo yana asidi. Kanga kuukuu iliyofuliwa na kusuuzwa vizuri ni bora kuliko vyote hivyo.

Kuna wanaojaribu maji ya klorini ya kufulia nguo nyeupe wakidhani kitakachotakatisha kanzu kitatakatisha shaba. Matokeo yake ni weusi wa papo hapo, na klorini inaacha kloridi, ambayo ndiyo mbegu ya tatizo linalofuata. Juu ya hilo, dawa nyingi za kopo za kung'arishia shaba zina amonia, utaisikia harufu yake ukifungua. Amonia na klorini vikikutana vinatoa gesi ya sumu, basi visikae kwenye beseni moja.

"Kijani kinarudi palepale"

Hapa pana tofauti ambayo wengi hawaiangalii. Kijani kibichi cha giza, kigumu, kilichoshikana na uso kama rangi, ni kutu ya zamani iliyotulia. Inaweza kukaa miaka hamsini bila kudhuru. Kijani cheupe, cha unga, kinachotoka ukikigusa kwa kijiti na kuacha kishimo chini yake, hicho ni kingine. Kinafanya kazi. Chini ya unga ule kuna kloridi ya shaba. Ikikutana na unyevu inatoa asidi, asidi inaila shaba, inapatikana kloridi nyingine, na mzunguko unaendelea. Huanza kuamka unyevu wa hewa unapozidi kama asilimia 45. Unguja na Pemba unyevu ni nadra kuteremka hapo hata kaskazi ikipuliza vipi, kwa hiyo usitarajie kitulie chenyewe.

Kloridi ilitoka wapi? Bahari ni moja. Ya pili ni mikono yetu wenyewe: chumvi na ndimu. Mchanganyiko ule unang'arisha upesi kwa sababu chumvi inaipa asidi nguvu, na kwenye sinia bapa linaloweza kusuuzwa vizuri hauna neno kubwa. Kwenye mrashi wenye nakshi, kwenye mshono wa mdomo wa dele, kwenye pindo lililokunjwa juu ya waya, ni kujitafutia kazi. Mchanga wa pwani wa kusugulia ni vilevile, tena unakwaruza. Ukitaka kitu cha nyumbani cha kusugulia, tumia majivu yaliyochekechwa kwa kitambaa chembamba, bila chumvi.

Matibabu yanakwenda hivi. Kwanza ondoa unga wote kwa kijiti cha mshikaki kilichochongwa, ukitumia kioo cha kukuzia, mpaka chini ya kila kishimo. Usitumie pini ya chuma, itavunjikia humo. Kisha loweka. Wahifadhi wa vitu vya kale hutumia sodiamu seskwikaboneti ya asilimia 5, na nyumbani unaweza kuitengeneza inayokaribiana nayo: gramu 25 za magadi soda (sodiamu kaboneti) na gramu 20 za bekingi soda katika lita moja ya maji laini. Magadi yenyewe ya mawe ya sokoni yana seskwikaboneti hiyohiyo kwa asili, na inatamanisha kuyatumia, lakini yamechanganyika na chumvi, yaonje utajua. Na wanaouza vifaa vya kutengenezea sabuni wana pia kostiki soda. Hiyo si magadi soda. Inachoma ngozi na haina kazi hapa.

Badilisha maji hayo kila wiki. Kijani kidogo huchukua wiki mbili au tatu, kilichochimba sana huenda miezi. Hakuna njia ya mkato, kwa kuwa kloridi iko ndani ya vishimo na inatoka polepole. Kisha loweka siku mbili kwenye maji laini matupu, ukiyabadilisha asubuhi na jioni, halafu kausha kwa joto.

Sasa jaribio, na watu wengi hulipuuza ilhali ndilo linalookoa kazi yote. Kabla ya kupaka nta, weka chombo ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na pamba iliyoloweshwa maji laini, pamba isiguse shaba. Funga. Acha saa 24 hadi 48. Vikitokea vidoto vipya vya kijani cheupe, kloridi bado ipo, rudi kwenye kuloweka. Visipotokea, paka nta. Ukipaka nta juu ya kloridi iliyo hai utakuwa umeifungia ndani tu, nayo itaendelea kula chini kwa chini.

Kuna kijani kingine kisichohusiana na haya: cha mafuta. Mafuta ya nazi yakipakwa kwenye shaba huonekana mazuri wiki ya kwanza. Yakikaa, asidi zake zinashikana na shaba na kufanya sabuni ya kijani, laini, yenye utelezi, hasa kwenye kona. Huyo hana hatari. Mtoe kwa mafuta ya taa na mswaki, kisha sabuni, na safari nyingine tumia nta.

"Limetoka kwenye asidi likiwa la waridi"

Sinia la manjano limeingia, limetoka wekundu kama shaba nyekundu mpya. Sababu ni tatu, na kila moja ina dalili yake.

Wekundu mwembamba wa uso mzima, unaofutika ukisugua kwa dawa ya kopo: ulipitisha muda. Asidi imetoa zinki ya juu na kuacha shaba nyekundu, au imeondoa oksidi nyeusi ikafikia oksidi nyekundu iliyo chini yake. Sugua, limekwisha. Safari nyingine punguza muda, usiongeze asidi.

Wekundu unaong'aa, wa mabaka, ulioanzia mahali palipogusana na kitu: kulikuwa na chuma ndani ya ndoo. Msumari, skrubu, uzi wa stiliwaya, hata waya wa kuning'inizia. Chuma kwenye asidi iliyojaa shaba kinaifanya shaba ile itoke majini na kujipaka juu ya chombo chako. Asidi iliyotumika mara nyingi mpaka ikawa ya buluu ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa imebeba shaba nyingi. Imwage, na si kwenye kisima wala bustani ya mboga. Kwa kuondoa wekundu huu, tengeneza asidi mpya ya kipimo kilekile, uongeze kikombe kimoja cha haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwa lita, ile ya duka la dawa inayotoa povu kidondani. Zamisha dakika moja, angalia, ongeza moja moja. Wekundu unayeyuka na manjano inarudi. Fanya nje penye hewa, vaa glovu, na usiuhifadhi mchanganyiko huo kwenye chupa iliyofungwa, maana unatoa gesi na chupa itapasuka.

Wekundu uliozama, usiotoka kwa kusugua wala peroksaidi, na ukigonga hapo sauti ni ya kufa: zinki imetoka hadi ndani ya shaba yenyewe. Hiyo tutaikuta kwenye mashua.

Madoa madogo

Vidoto vyeupe vigumu ni chokaa. Visiwa vyetu vimekaa juu ya mawe ya matumbawe na maji ya visima ni magumu. Tone likikauka linaacha chokaa yake. Kitambaa chenye ndimu bila chumvi, dakika moja, suuza kwa maji laini.

Unga mweupe au wa kijani hafifu ndani ya nakshi ni dawa ya kopo iliyokauka. Maji hayaitoi. Mafuta ya taa na mswaki, kijiti kwenye kona, kisha sabuni.

Vidoto vya hudhurungi vinavyotokea siku chache baada ya kusugua ni vipande vya stiliwaya vilivyonasia usoni vikaota kutu. Sugua kwa dawa ya kopo mpaka vitoke, na stiliwaya ibaki ya sufuria.

Mistari myeusi yenye matawi, kama mizizi, chini ya uso unaong'aa: vanishi imepasuka na hewa imeingia. Usijaribu kung'arisha juu yake. Toa vanishi yote kwa asitoni na pamba, mbali na moto na sigara, kisha anza upya. Kwa vyombo vinavyoshikwa kila siku, nta ni bora kuliko vanishi, kwa sababu nta ikichakaa unapaka nyingine, vanishi ikichakaa unaanza vita.

Nta yenyewe: sehemu moja ya nta ya nyuki na sehemu tatu za tapentaini. Yeyusha nta ndani ya kopo lililowekwa kwenye maji ya moto, liipue mbali na moto, ndipo umimine tapentaini. Paka nyembamba shaba ikiwa na joto, acha ipoe, futa kwa nguvu. Ikibaki na utelezi umeweka nyingi, nayo itashika vumbi.

Njumu za mlangoni

Hapa kinachoharibika ni mbao. Msaji na mti mwingine wowote wenye tanini ukikutana na asidi na chuma hubadilika kuwa mweusi kama wino, na msumari wa njumu mara nyingi ni chuma. Duara jeusi kuzunguka njumu maana yake mtu alipitisha ndimu ikatiririka. Duara jeupe ni dawa ya kopo iliyoingia kwenye vinyweleo vya mbao.

Kata kipande cha plastiki ngumu, cha ndoo iliyovunjika kwa mfano, toboa tundu la kipimo cha njumu, kikae kama kola. Tia dawa kwenye kitambaa, si kwenye njumu. Sugua, futa, sogea kwa inayofuata. Asidi ya kuzamishia isitumike mlangoni hata kidogo.

Njumu inayocheza msumari wake umeliwa na kutu. Kuigongea ndani hakusaidii, itapasua mbao. Msumari mpya uwe wa shaba. Na kwa milango ya kale ya Mji Mkongwe, ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, kabla ya kung'oa chochote waulizwe Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Isitoshe, njumu iliyofifia kwa wakati mlangoni ina heshima yake. Kuwaka kama kioo ni kwa mlango wa hoteli.

Dele: ndani ni habari nyingine

Nje dele ni pambo, ndani ni chombo cha kunywea watu. Ndani lazima liwe na bati. Ukitazama kwa tochi ukaona manjano au wekundu, bati limeisha. Ukiona kijani, lisitumike mpaka litiwe bati upya, kwani shaba ikiyeyuka kwenye kinywaji inatapisha. Kahawa isilale ndani usiku kucha, na ukwaju au ndimu visiingie kabisa. Asidi ya kusafishia nje nayo isiingie ndani: ziba mdomo kwa kizibo na funika juu kwa nailoni.

Vitone vya fedha vilivyokusanyika chini ndani ya dele, na juu yake pakavu pana manjano, maana yake dele lilichemka likakauka juu ya mkaa. Bati linayeyuka kwa nyuzi 232, na mkaa unazipita bila taabu. Maji yakiwemo halifiki huko. Masizi ya chini yasikwanguliwe kwa kisu. Loweka sehemu hiyo usiku mmoja kwenye maji ya moto yenye magadi soda, yatoke kwa mswaki.

Ukimpelekea fundi, sema unataka bati safi lisilo na madini ya risasi. Chukua kipande chake kabla hajalianza dele, kipitishe kwenye karatasi nyeupe. Kikiandika mstari wa kijivu kama penseli, chukulia kina risasi na ukikatae. Baada ya kutiwa bati, chemsha maji matupu mara mbili, umwage, kabla ya kahawa ya kwanza.

Nyufa bila kuangushwa

Tasa au shingo ya mrashi imepata ufa mrefu, mwembamba, na hakuna aliyeiangusha. Sababu ni amonia. Shaba iliyofuliwa au kukunjwa ikiwa baridi inabaki na mkazo ndani. Ikikaa penye amonia na unyevu, inapasuka yenyewe kufuata mkazo ule. Jambo hili lilijulikana zamani kwa maganda ya risasi: jeshi la Waingereza nchini India lilikuwa likihifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua, na maganda ya shaba yakakutwa yamepasuka. Maelezo yake yalipatikana 1921, kwamba amonia ya mikojo ya farasi ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Kwetu farasi wachache, lakini banda la kuku nyuma ya stoo, zizi la mbuzi, na popo darini wanatosha.

Ufa haurudi. Unaweza kulehemiwa ili chombo kikae rafuni, si kwa kutumia. Vilivyobaki vihamishe mahali pengine. Na usiloweke shaba kwenye dawa yenye amonia. Ni ya kufutia na kuondoa tu. Kwa chombo kipya kilichofuliwa, fundi anaweza kutoa mkazo kwa kukiweka kwenye joto la nyuzi 250 hadi 300 kwa muda wa saa moja. Afanye hivyo kabla ya kutia bati, si baada yake, bati litamwagika.

Skrubu na vifaa vya mashua

Kichwa cha skrubu kimekuwa cha waridi, ukikifungua kinakatika bila nguvu, na palipokatika pana chembechembe nyekundu kama tofali. Maji ya bahari yametoa zinki yote, kilichobaki ni sifongo ya shaba nyekundu yenye umbo la skrubu. Kusafisha hakuna maana. Shaba ya manjano ya kawaida si ya kukaa chini ya mstari wa maji. Hapo inatakiwa bronzi, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na bati au silikoni badala ya zinki, na nzuri zaidi ni ya silikoni. Shaba yenye bati kiasi cha asilimia moja ndani yake inastahimili vizuri kidogo, kwa vifaa vya juu ya maji.

Moja ikikatika, fungua nyingine tatu nne za ubao uleule kabla ya kuamua. Ziliwekwa siku moja na zimelowa maji yaleyale, kwa hiyo ukikuta waridi kwenye mbili, badilisha mstari mzima. Usichanganye bronzi mpya na misumari ya chuma iliyo jirani, kwa sababu majini chuma ndicho kitakachoanza kuliwa.